Tukiwatoza matajiri ushuru zaidi, pengo litapungua?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Nakuru. Kila Mswada wa Fedha unapokuja, ofisi ya walimu hugeuka bunge. Wengine husema dawa ya pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho ni kuwapandishia matajiri ushuru, basi. Wengine husema matajiri watahamisha pesa zao na mzigo utaturudia sisi tunaolipwa mshahara. Je, ushuru wa matajiri unaweza kweli kupunguza pengo? Na mtu wa kawaida akitaka kuwaandikia wabunge, apendekeze nini?

Jibu: Mwalimu, salamu kwako na kwa wenzako. Jibu fupi ni ndiyo, unaweza, ikiwa umemkuta tajiri pale mali yake ilipo, na ikiwa pesa zikishakusanywa zinamfikia asiye nacho. Kenya ina shida katika mambo yote mawili. La kwanza ndilo linaloeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mjadala wetu huanzia kwenye PAYE, yaani ushuru unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na kuishia papo hapo. Tangu Julai 2023 ngazi ziko hivi: shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa 10%, shilingi 8,333 zinazofuata 25%, kutoka hapo hadi 500,000 ni 30%, kati ya 500,000 na 800,000 ni 32.5%, na chochote kinachozidi 800,000 ni 35%. Ngazi mbili za mwisho ndizo zilizoongezwa mwaka huo. Tumchukue mtu wa mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi, tukiacha makato mengine kando ili hesabu iwe nyepesi. Ngazi hizo zikijumlishwa na nafuu ya 2,400 ikitolewa, PAYE yake inafika karibu 309,900. Kwa ngazi za zamani angelipa karibu 292,400. Tofauti ni shilingi 17,500 kwa mwezi, au 210,000 kwa mwaka.

Wewe ni mwalimu, basi ipime pesa hiyo kwa kipimo unachokijua. Mgao rasmi wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni 22,244 kwa mwaka. Nyongeza anayotoa mwenye mshahara wa milioni moja inalipia wanafunzi tisa. Si haba. Ila watu wa mshahara huo ni wachache mno, na zaidi ya hayo wengi wao ni meneja wa benki, rubani, daktari bingwa: watu wanaoishi vizuri, lakini tajiri yule mnayembishania ofisini si hao. Tajiri wa Kenya kwa kawaida hategemei mshahara. Akijilipa mshahara, hujilipa ule anaoutaka mwenyewe.

Sasa mchukue mwenye majengo ya kupangisha anayepokea kodi ya nyumba ya milioni moja kwa mwezi. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za makazi ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa 7.5% ya pato lote, na hesabu huishia hapo. Analipa 75,000. Mwenye mshahara wa kiasi hichohicho analipa zaidi ya mara nne yake. Ni kweli mwenye nyumba ana gharama: ukarabati, mlinzi, maji, pengine riba ya mkopo, na katika utaratibu huu haruhusiwi kuzitoa. Basi mpe gharama za 40% nzima, abaki na 600,000. Ukizipitisha kwenye ngazi za PAYE, ushuru ungekuwa karibu 174,900. Pengo la takriban 100,000 kila mwezi linabaki mfukoni mwake kihalali kabisa, na kwa mwaka lingewalipia wanafunzi wako zaidi ya 50. Halafu aliyeelemewa na mkopo haumii pia, kwa sababu sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba anataka kutozwa kwa utaratibu wa kawaida, atoe gharama zake. Mlango wa kuchagua uko upande wake peke yake.

Kiwango hicho kilikuwa 10% kilipoanza mwaka 2016, kikashushwa. Sababu iliyotolewa ni kuwavutia wenye nyumba wajisajili. Sababu hiyo ina uzito kwa mama mwenye vyumba sita vya mabati, na kwake ningeacha kiwango kilivyo. Kwa mwenye maghorofa matatu sioni uzito wake, kwa sababu ghorofa halifichiki. Lina mita za umeme, lina maji, lina hatimiliki, na kuhamisha hatimiliki au kuunganishiwa umeme kunahitaji PIN, namba ya mlipa ushuru inayotolewa na KRA, mamlaka ya mapato. Kikomo cha milioni 15 nacho kina kasoro yake: anayekikaribia huandikisha jengo moja kwa jina la mkewe na jingine kwa jina la mwanawe, kila mmoja akabaki chini ya mstari.

Kuhusu gawio la hisa, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, nitawakosoa kidogo wanaotaka matajiri wapandishiwe ushuru. Utasikia ikisemwa kwamba mwenye hisa hulipa 5% tu ilhali mfanyakazi hulipa 30%. Hesabu hiyo ni nusu. Kampuni ikipata faida ya shilingi 100, hulipa 30 kwanza. Zinabaki 70, na gawio likitolewa hukatwa 5%, yaani 3.50. Jumla ni 33.50, si mbali na ngazi ya juu ya PAYE. Kwa hiyo ukipandisha ushuru wa gawio ukaishia hapo, tajiri ataziacha faida ndani ya kampuni na wewe hutapata kitu. Uvujaji uko mahali pengine. Faida isiyogawiwa imelipiwa 30% tu na inaendelea kukua. Gari, mafuta, simu, safari na wakati mwingine hata karo ya watoto huandikwa kama gharama za biashara. Na hisa za Soko la Hisa la Nairobi zikiuzwa kwa faida, ushuru wa faida hiyo ni sufuri.

Hapo ndipo hoja ya "watahamisha pesa" inapata maana yake halisi. Wengi hudhani kuhamisha ni kupanda ndege kwenda Dubai na sanduku. Mara nyingi ni jambo dogo kuliko hilo: mshauri anayelipwa 900,000 anasajili kampuni, mkataba unakuwa wa kampuni, na kutoka ngazi ya 35% anahamia 30% bila kubadili hata kiti cha ofisini. Kadiri PAYE ya juu inavyoachana na ushuru wa kampuni, ndivyo kazi hiyo inavyolipa. Uganda wana ngazi ya juu ya 40% kwa anayezidi shilingi milioni 10 za kwao kwa mwezi, huku kampuni ikilipa 30%. Pengo la alama kumi ni mwaliko.

Tuje kwenye ardhi, maana utajiri mwingi wa Kenya umelala hapo. Mtu alinunua ploti kwa milioni 5, leo ina thamani ya milioni 50. Amepata milioni 45 akiwa amelala, tena kwa sababu serikali ilipitisha barabara mbele yake kwa pesa za ushuru wako. Akiuza, atalipa 15% ya faida, yaani kama milioni 6.75 kabla ya kuondoa gharama za mauzo. Kiwango hicho kilikuwa 5% hadi mwisho wa 2022, na kati ya 1985 na mwisho wa 2014 hakikuwepo kabisa, miaka ambayo bei za ardhi zilipaa na mali nyingi ikabadilisha mikono bila kuacha kitu hazina. Asipouza, halipi. Akihitaji pesa, huiweka hati benki na kukopa, na mkopo si mapato. Akifariki, ploti huwaendea warithi kupitia mirathi, na uhamisho huo hauhesabiwi kuwa mauzo. Kenya ilikuwa na ushuru wa urithi, ulifutwa 1982. Juu yake, Sheria ya Fedha ya 2021 ilizipa amana za familia zilizosajiliwa (mipango ya kisheria ya kushikilia mali kwa niaba ya familia) misamaha, ikiwemo ya mali inayohamishiwa ndani yake.

Yaunganishe hayo uone sura yake: nunua, kopea, rithisha. Katika hatua zote tatu tajiri hajatajwa kwenye karatasi yoyote ya PAYE. Ndiyo maana huwa sisisimki waziri anapotangaza kupandisha ngazi ya juu ya mshahara.

Kinachobaki ni ushuru wa ardhi wa kaunti, na huu ndio ninaoupigia debe kuliko mwingine wowote. Katiba, kifungu cha 209, imezipa kaunti ushuru wa mali na wa burudani. Ardhi haihamishiki, haina akaunti ya nje, na mwenyewe anajulikana. Umeharibikia wapi? Kwenye daftari la uthamini, yaani orodha ya kaunti ya ardhi na thamani zake. Nairobi ilitoza kwa miongo minne kwa kutumia thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Asilimia iliyoandikwa ilikuwa kubwa, 34, lakini ni 34% ya bei za zama hizo. Mtaa uliokuwa mashamba ya kahawa wakati ule ulilipa kama mashamba ya kahawa hata baada ya kujaa majumba ya kifahari, na mitaa ya zamani ya watu wa kipato cha chini ikalipa karibu sawa nayo. Daftari jipya lilipokuja, kiwango kikawa 0.115% ya thamani ya sasa. Ile ploti ya milioni 50 inadaiwa 57,500 kwa mwaka. Linganisha na mwalimu wa mshahara wa 60,000: PAYE yake tu, tukiacha makato mengine kando kama mwanzo, ni karibu 10,400 kwa mwezi, zaidi ya 120,000 kwa mwaka.

Tatizo la pili la ushuru huu ni misamaha ya riba. Kaunti ikikwama kifedha hutangaza kwamba atakayelipa deni kabla ya tarehe fulani atasamehewa riba na faini. Mwaka mmoja inaingiza pesa. Ukiifanya mara tatu, wenye mali wamejifunza kungoja, na aliyelipa kwa wakati anajiona mjinga. Tatu ni mjane anayeishi kwenye nyumba ya thamani kubwa bila kipato. Wapinzani humtanguliza yeye kila mara, na ni mtu wa kweli, lakini dawa yake ni rahisi: deni liandikishwe juu ya hatimiliki na lilipwe siku mali itakapouzwa au kurithiwa. Tayari huwezi kuhamisha ardhi bila cheti cha kaunti cha kuonyesha huna deni, kwa hiyo kufuli lipo, linahitaji kutumiwa tu.

Jirani zetu Tanzania walijaribu njia ya mkato mwaka 2021: kodi ya majengo ikakatwa kupitia LUKU, mfumo wao wa kununua umeme kabla ya kuutumia, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ukusanyaji ukawa rahisi ajabu. Lakini ni kiasi kimoja kwa wote, hivyo nyumba ya chini ya Masaki, mtaa wa matajiri Dar es Salaam, na ya Mbagala, mtaa wa watu wa kawaida, zinalipa sawa, na mara nyingi mwenye kununua umeme ni mpangaji. Ushuru unaweza kuwa rahisi kukusanya na bado usipunguze pengo hata chembe.

Kasoro ya namna hiyo tuliiona hapa pia, kwenye ule Mswada wa Fedha wa 2024 ulioondolewa baada ya maandamano ya Juni. Kulikuwa na ushuru wa magari wa 2.5% ya thamani, usiopungua 5,000 na usiozidi 100,000. Fanya hesabu ya kikomo hicho. Gari la 800,000 lingelipa 20,000, yaani 2.5%. Gari la milioni 4 lingelipa 100,000, bado 2.5%. Gari la milioni 20 lingelipa 100,000 ileile, ambayo ni nusu ya asilimia moja. Maneno "usiozidi" ndiyo yaliyobeba siri yote. Ukisoma mswada wowote, tafuta kwanza maneno hayo, pamoja na "isipokuwa" na "hautahusu".

Na ushuru wa jumla wa utajiri, ule wa kuhesabu mali yote ya mtu na kumtoza asilimia kila mwaka? Ulaya wana uzoefu. Mwaka 1990 nchi 12 za OECD, kundi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zilikuwa nao. Kufikia 2017 zilibaki nne. Ufaransa waliubadilisha mwaka 2018 wakabakiza wa majengo na ardhi tu. Ulikufa kwa sababu mbili zilizosaidiana: misamaha ilikuwa mingi (mali za biashara, sanaa, pensheni), na kizingiti kilikuwa chini kiasi kwamba watu wa tabaka la kati wenye nyumba moja walilipa huku mabilionea wakipita kwenye misamaha. Uswisi wanao hadi leo, unakusanya vizuri, lakini wao hawatozi watu binafsi faida ya kuuza hisa, na wana kumbukumbu za mali ambazo sisi hatujazifikia. Kwa Kenya ningesema bado. Kuthamini kampuni isiyouza hisa sokoni kila mwaka ni kesi isiyoisha mahakamani, na kesi hizo tajiri ana pesa za kuziendesha miaka kumi. Anza na kinachoonekana.

Kuna onyo jingine la hapahapa. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta ushuru wa chini wa 1% ya mauzo yote ya kampuni, hata isiyopata faida. Lengo lilikuwa kuwanasa wanaotangaza hasara kila mwaka huku wakijenga. Mahakama Kuu ikaubatilisha 2021, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo 2022. Kutoza mauzo badala ya faida kunamwumiza mwenye duka la jumla anayepata senti chache kwa kila shilingi, na kumwacha anayepata faida nono. Gharama za uongo zina dawa bora: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi katika hesabu ya ushuru. Ni kazi ya uchovu, haina jukwaa, na itaingiza zaidi ya hotuba kumi.

Tena kuna kazi ya kumfuata mtu mmoja mmoja. Mwaka 2015 Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianzisha kitengo cha watu wenye mali nyingi. Kabla yake, watafiti walikuwa wamechukua maafisa wakuu wa serikali 71 wenye mali na biashara, wakakuta aliyelipa ushuru wa mapato yake binafsi ni mmoja tu. Kitengo kilikusanya rekodi za ardhi, mikopo ya benki na uagizaji wa bidhaa, kikalinganisha na ritani (taarifa za mapato wanazowasilisha walipa ushuru), kisha kikawaita watu kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, na karatasi mezani. Waliowasilisha ritani miongoni mwao walipanda kutoka 13% hadi 78%. Kiwango cha ushuru hakikuguswa.

Sasa sharti la pili: pesa ikishapatikana inakwenda wapi. Chukua watu kumi. Tisa wanapata 10,000 kila mmoja, wa kumi anapata 110,000. Jumla ni 200,000 na tajiri ana 55% yake. Mtoze 10%, yaani 11,000, kisha zipotee nje ya kundi. Tajiri amebaki na 99,000, wengine 90,000 vilevile, na sehemu yake ni 52.4%. Sasa wape wale tisa hizo 11,000: sehemu ya tajiri inakuwa 49.5%. Ushuru uleule umepunguza pengo mara mbili zaidi kwa sababu ya upande wa matumizi.

Brazil inathibitisha hilo kwa namna ambayo wapenzi wa ushuru mkubwa hawaipendi. Kati ya 2001 na 2014 kipimo cha Gini, ambacho sufuri ni usawa kamili na moja ni mtu mmoja kumiliki vyote, kilishuka huko kutoka takriban 0.58 hadi takriban 0.52, wakati ngazi yao ya juu ya mapato ilikuwa 27.5% tu na gawio halikutozwa. Kilichofanya kazi ni kima cha chini cha mshahara kilichopandishwa mwaka baada ya mwaka, ajira zilizorasimishwa na ruzuku kwa familia maskini. Afrika Kusini ni upande wa pili: ngazi ya juu ni 45%, ushuru wa urithi upo, ruzuku zinawafikia mamilioni, na bado Gini ilikuwa 0.63 mwaka 2014, juu kuliko nchi nyingine zilizopimwa. Ushuru na ruzuku zimepunguza pengo kule, tena sana. Bila hizo hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini nchi ambayo sehemu kubwa ya watu hawana kazi na ardhi iligawanywa kwa rangi ya ngozi haiwezi kurekebishwa na ofisi ya ushuru peke yake.

Kwetu kuna mambo mawili yanayokula faida ya ushuru wa matajiri kabla haijafika shuleni kwako. La kwanza ni kwamba sheria ileile ya 2023 iliyoleta 35% ilipandisha pia VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ya mafuta kutoka 8% hadi 16%. Mafuta yakipanda, nauli ya matatu inapanda, na sukuma wiki inayosafirishwa kutoka shambani inapanda. Anayetumia karibu kipato chake chote kwa chakula, nauli na taa anaumia kwa asilimia kubwa ya kipato kuliko anayeweka akiba nusu. Mkono mmoja ulipunguza pengo, wa pili ukalirudisha.

La pili halisemwi sana. Zaidi ya nusu ya mapato ya kawaida ya serikali katika miaka ya karibuni imekuwa ikilipa madeni, na sehemu kubwa ya riba inalipwa humu humu nchini, kwa wenye pesa za kuikopesha serikali. Februari 2024 Benki Kuu iliuza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya 18.46% kwa mwaka, na riba ya bondi za aina hii imesamehewa ushuru. Aliyeweka milioni 100 anapokea milioni 18.46 kila mwaka bila kukatwa senti. Ukimtoza mtu huyo 35% kwenye mshahara wake kisha ukamlipa riba hiyo, umechukua kwa kijiko na kurudisha kwa sufuria. Sisemi bondi zifutwe, kwa kuwa hata mifuko ya pensheni ya walimu inawekeza humo. Nasema anayehesabu pengo bila kuihesabu riba hajamaliza hesabu.

Ofisini mwenu, basi, walio sahihi zaidi ni wanaohofia mzigo kuwarudia watu wa mshahara, ila sababu yao si sahihi. Mzigo unarudi kwa sababu mshahara ndio pekee unaokatwa kabla mwenyewe hajaugusa, na wabunge huenda pale penye urahisi.

Ukiamua kuandika, Mswada wa Fedha hufika bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na Kamati ya Fedha huomba maoni ya umma, kwa kawaida mwezi Mei, kwa sababu sheria mpya huanza Julai. Barua ya malalamiko haisaidii. Makarani wa kamati huchambua maoni kwa jedwali la safu tatu: kifungu cha mswada, pendekezo lako kwa maneno ya kisheria, na sababu. Andika hivyohivyo, kurasa mbili zinatosha. Mimi ningeweka haya: kodi ya nyumba inayozidi milioni 3 kwa mwaka itozwe kwa ngazi za kawaida baada ya kuondoa gharama zenye ankara za eTIMS, na chini ya hapo ibaki 7.5%, mali ya familia moja ijumlishwe kabla ya kupimwa kwa kikomo, ushuru wa urithi urudi kwa kizingiti cha juu, tuseme milioni 50, kwa 10%, nyumba ya kuishi familia na shamba linalolimwa vikiachwa nje, na zawadi zilizotolewa miaka saba kabla ya kifo zihesabiwe, kama wanavyofanya Uingereza, la sivyo kila mtu atagawa mali akiwa mahututi. Bila kipengele hicho cha zawadi usijisumbue kupendekeza ushuru wa urithi kabisa. Msamaha wa riba ya bondi za miundombinu uwe na kikomo kwa mtu binafsi, tuseme milioni moja ya riba kwa mwaka, ili mwekezaji mdogo asiguswe.

Ushuru wa ardhi hauko kwenye mswada wa bunge la taifa. Huo uko kwenye Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Nakuru, ambao vikao vyake huhudhuriwa na watu wachache mno, kwa hiyo mtu mmoja aliyejiandaa husikika. Uliza mambo matatu: daftari la uthamini linalotumika ni la mwaka gani, wadaiwa wakubwa 50 wanadaiwa jumla kiasi gani (na mangapi kati yao ni mashirika ya serikali, maana huwa hayakosi), na misamaha ya riba imetolewa mara ngapi katika miaka mitano. Wakisema hawana takwimu hapo kikaoni, peleka ombi la maandishi kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 na upigiwe muhuri kwenye nakala yako. Wana siku 21 za kukujibu.